Rangi Aliyoitengeneza Baba

Mjukuu wangu Nekesa hukodisha vyombo vya muziki kwenye harusi na mazishi. Mwezi uliopita alikuja kwangu hapa Kesses na masanduku mawili ya spika aliyoyaunda mwenyewe kwa mbao. Alikuwa ameyapiga msasa hadi yakalainika, akayapanga barazani, akafungua mkebe na kuanza kuyapaka rangi ya kahawia kwa kitambaa huku akiimba. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Harufu ya rangi na spiriti ilipoingia mlangoni, mate yalinijaa mdomoni, na kabla sijafika bafuni nilikuwa nimejitapikia mikononi.

"Kukhu, ni nini? Ni stain tu, rangi ya mbao, haina sumu," Nekesa aliniambia akinishika bega.

"Najua. Peleka nyuma ya nyumba."

Aliniletea maji, akadhani ni uzee. Sikumweleza. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye kambi za vibarua za Wazungu, mnajua kuna harufu ambazo haziondoki mwilini hata uoge miaka mingapi.

Tulikaa kwenye shamba kubwa la miwati, ile miti ambayo maganda yake hutumika kutengenezea ngozi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Eldoret. Baba alikuwa fundi wa mbao. Alitoka upande wa Bungoma akiwa kijana, na kila mtu pale shambani alimwita Fundi, hata Mama. Alitengeneza mikokoteni, milango na majeneza. Kazi yake aliijua vizuri, lakini ilikuwa kazi ya uchafu kuliko watu wanavyofikiri.

Gundi ya siku hizo haikuja kwenye chupa. Baba alichemsha kwato na vipande vya ngozi kwenye karai nyuma ya nyumba yetu, siku nzima, hadi vikawa uji mzito wenye utando juu. Nzi walikuja kwa makundi. Harufu ile iliingia kwenye blanketi, kwenye unga, kwenye nywele zangu. Shuleni waliniita Mtoto wa Kwato na hakuna aliyetaka kukaa na mimi dawati moja, isipokuwa Wanjiku.

Wanjiku alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango, wa familia ya Wakikuyu. Baba yake alikuwa akibandua maganda ya miwati, mama yake alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Mama Wanjiku ndiye aliyemzalisha mama yangu alipojifungua mdogo wetu, mvua ikinyesha na mkunga akiwa mbali, na tangu siku hiyo mama hao wawili walikuwa kama wamezaliwa tumbo moja. Ukiwatafuta, mmoja yuko kwa mwenzake.

Basi siku moja Meneja wa shamba, Mzungu mrefu aliyependa muziki, alimwita Baba nyumbani kwake. Alikuwa na gramafoni ndani ya kabati la kahawia linalong'aa. Alimwambia Baba kwamba anataka kuweka redio kwenye ukumbi wa vibarua, wasikie habari na nyimbo, na sauti itoke kwenye masanduku mawili ya mbao, rangi yake iwe kama ya kabati lile. Akampa spika mbili. Nilipoziona nilidhani ni sufuria za chuma zilizozibwa kwa karatasi.

Baba aliunda masanduku kwa podo. Mliowahi kuona podo mnajua ni mbao nyeupe, haina rangi yoyote. Alinunua rangi kwa Mhindi mjini, akapaka. Meneja alikuja, akatazama, akakunja uso.

"Hapana, Fundi. Hii kama maini. Mimi nataka kama ile yangu."

Baba akapiga msasa upya, siku mbili, hadi weupe ukarudi. Alijaribu maji ya maganda ya miwati, yakatoa manjano hafifu. Alikuwa hata hali chakula vizuri. Halafu jioni moja alirudi kutoka kwenye zizi la farasi wa Meneja, ambako alikuwa ametumwa kurekebisha mlango, uso wake umechangamka kama mtu aliyeokota pesa.

"Nimeipata," alimwambia Mama. "Mbao za kule chini, farasi wanapokojolea, zimegeuka kahawia. Kahawia kabisa, kama kahawa. Ni mkojo."

Mama alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka. "Basi nenda ukaishi na farasi."

"Farasi ni wawili, hautoshi. Hata wa watu utafaa. Lakini lazima uoze kwanza, mvuke wake ndio unaobadilisha mbao."

"Fundi."

"Ni siku chache tu."

"Siyo ndani ya nyumba yangu," Mama alisema, na alimaanisha.

Ndivyo debe lilivyowekwa nyuma ya nyumba, na ndivyo mimi nilivyopewa kazi ya kukusanya mkojo. Kila asubuhi nilizunguka kambini na kopo. Watoto walinicheka. Wazee waliona haya, wakaninyooshea kopo likiwa limefunikwa kwa jani. Lilikuwa na joto, na mimi nilitembea nalo nimegeuza uso pembeni, na likimwagika kidogo kwenye vidole nilipiga kelele kama nimeungua. Wanjiku peke yake ndiye aliyenisaidia kubeba, akiziba pua kwa ukingo wa gauni lake. Mama yake alituletea mwenyewe kopo la nyumba yao, limejaa hadi mdomoni, akicheka hadi machozi.

"Fundi, andika jina langu huko kwenye ukumbi!" alimwambia Baba. "Na mimi nimechanga."

Wiki mbili baadaye debe lilikuwa limeoza sawasawa. Baba aliyapaka masanduku maji ya maganda ya miwati, akayafunika kwa turubai, akasukumia ndani mabeseni ya mkojo na kuziba kingo zote kwa udongo. Siku nne. Siku ya tano alinituma niingie chini ya turubai nitoe mabeseni, kwa sababu mwili wangu ulikuwa mdogo. Sitasahau. Mvuke ule ulinichoma macho kama kitunguu kilichotiwa pilipili, ukanishika koo, nikashindwa hata kulia. Nilitoka nikitambaa, beseni likinichuruzikia kifuani. Mama alinivua nguo pale pale uani, akanimwagia maji baridi, akamtazama Baba kwa jicho ambalo sikuwa nimewahi kuliona kwake.

Lakini Baba hakuona. Alikuwa amefunua turubai na kusimama kama yuko kanisani. Mbao zilikuwa zimegeuka rangi ya chai iliyokolea, na mishipa yake yote imejitokeza.

"Njooni muone," alituita. "Njooni, watoto!"

Wanjiku alipitisha kidole juu ya ubao, akakinusa. "Inanuka mdomo wa mzee," alininong'oneza, tukacheka hadi tukaanguka.

Baada ya hapo ilikuja lak, ya kung'arishia mbao. Baba aliloweka vipande vyake vya kahawia kwenye spiriti, akaviringisha pamba ndani ya kitambaa, akasugua kwa miduara, siku baada ya siku. Nilimuuliza kile kitu kinatoka wapi.

"Ni mate ya wadudu wa Bara Hindi," alinijibu. "Wanatema kwenye matawi, watu wanakwangua."

Mate ya wadudu, mkojo wa kambi nzima, kwato za ng'ombe waliokufa. Niliyajumlisha kichwani mwangu. Niliamini, kama mtoto anavyoamini, kwamba kitu hutoa kile kilichotiwa ndani yake. Nilimwambia Wanjiku kwamba siku masanduku yale yatakapofungua mdomo, yatatukana. Yatasema yale maneno yote ambayo tukiyasema tunachapwa. Tulingoja siku hiyo kwa hofu na kwa hamu.

Masanduku yalitundikwa ukutani, moja kila upande wa ukumbi. Waya ulipita dirishani hadi ofisi ya Meneja, ng'ambo ya uwanja, ambako mashine yenyewe ilikaa. Jumapili ya kwanza zilitoka nyimbo za tarumbeta. Watu wakacheza. Mama alicheza na Mama Wanjiku wakiwa wameshikana mikono, na Baba akasimama kando akiangalia rangi yake, siyo watu. Hakuna tusi lililotoka. Nikaona nilikosea.

Mvua ndefu zikapita. Siku hizo, mnakumbuka, serikali ya mkoloni, ikipigana na waliodai uhuru msituni, ilianza kuwashuku Wakikuyu wote, aliyefanya kitu na asiyefanya. Tulisikia kwamba mashamba ya jirani yanawaondoa na kuwarudisha kwao kwa malori, hata waliozaliwa huku na wasiojua kwao ni wapi. Watu wazima walinyamaza tulipoingia.

Jumapili moja baada ya kanisa tuliambiwa twende ukumbini wote. Tulidhani ni muziki. Wanjiku alikaa karibu nami akiguguna hindi la kuchoma. Masanduku yakakwaruza, kisha sauti ikaanza kusoma majina. Ilikuwa sauti ya karani, mtu wa kwetu kabisa, aliyekuwa akisoma kutoka ofisini. Lakini hatukumwona. Tuliona masanduku tu.

"Wafuatao watabeba mzigo mmoja mmoja. Lori linangoja barabarani."

Jina la baba yake Wanjiku lilikuwa la tatu. Likafuata la mama yake, na mwisho, "na watoto watatu." Hawakutajwa hata majina.

Mama Wanjiku alisimama. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumjibu, na hapakuwa na mtu. Basi akalikabili lile sanduku la ukutani, akalisemesha.

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

Sanduku likaendelea na jina lililofuata.

"Nauliza nimefanya nini! Miaka kumi na mbili niko kwenye kitalu chenu!"

Likaendelea. Mimi nilimshika Wanjiku mkono, nikamnong'oneza jambo ambalo hadi leo linanichoma nikilikumbuka. "Ni ile mikojo. Ndiyo maana linasema hivyo."

Wanjiku aliangusha hindi lake. "Mimi nilikojoa mara nyingi kuliko wewe," alisema, akaanza kulia.

Kabla ya saa kumi walikuwa wamepakiwa. Lori lilishika njia ya Timboroa na Nakuru. Mama alikimbia kando yake hadi kwenye daraja, akijaribu kuwapa sufuria waliyoisahau, na hakufika. Jioni ile nyapara, msimamizi wa vibarua, alichinja kuku wa Mama Wanjiku. Harufu ya mchuzi ule ilipita mlangoni kwetu, na nilishangaa kwamba kitu kinachonukia vizuri hivyo kinaweza kunitia kinyaa kuliko debe lote la mkojo.

Asubuhi ya Jumatatu kambi ilijaa kelele. Mtu alikuwa ameyapaka masanduku mavi. Wala hayakuwa ya ng'ombe. Yalipakwa juu hadi chini, yakasukumwa hadi ndani kupitia tundu la mbele, kama mtu aliyetaka kuyaziba midomo. Meneja alifika akiwa na leso puani. Watu walisimama mbali, wengine wakificha kicheko kwa viganja.

"Fundi!" Meneja aliita. "Wewe safisha. Yote. Na rangi irudi kama mbele."

Nilitegemea Baba akatae. Nilimtazama nikimwomba kwa macho. Yeye ndiye aliyeyaunda, na yeye ndiye aliyesikia Mama Wanjiku akiongea na ubao.

"Ndiyo, Bwana," alisema.

Aliyashusha, akayapeleka nyuma ya ukumbi, akaniambia nilete maji. Hakuna mwingine aliyetaka kusogea. Meneja alisimama hatua ishirini hivi, amegeuka upande wa upepo. Baba alipiga magoti, akakunja mikono ya koti na shati, akaingiza mkono kwenye lile tundu hadi kiwikoni. Alikuwa akichota kwa vidole na kutupa kando. Nilishikilia ndoo huku nimefumba macho, nikifumbua kidogo tu nisiimwage.

Hapo ndipo nilipomwona akivuta kitu kirefu, kilicholowa na kuvimba. Alikitazama. Aligeuza shingo polepole, akaangalia kama Meneja anaona. Kisha akakikunja na kukitia kwenye mfuko wa koti lake. Mavi yale. Kwenye mfuko aliokuwa akiweka Agano Jipya lake.

Ndoo ilinianguka. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba baba yangu amemwogopa Mzungu hadi akaona aibu kumwonyesha uchafu uliobaki, kwamba angeweza hata kuutia mfukoni ili asigombezwe. Nilikimbia, nikatapika kwenye ua wa michongoma hadi likatoka povu la njano.

Masanduku yalirudi kuwa meupe kwa msasa, na Baba akaweka debe tena nyuma ya nyumba. Safari hii hakuna aliyeleta hata tone. Alitumia wake na wa farasi. Mimi nilibana mkojo wangu kila asubuhi, maili mbili za njia ya shule, nikaenda kuumwaga kwenye choo cha mwalimu, kuliko umfae yeye.

Wiki hiyohiyo nyapara na askari wawili walipita nyumba kwa nyumba wakimtafuta mhalifu. Nyumba ya pili kutoka kwetu walimpiga mzee mmoja kwa sababu tu alicheka. Walipoingia kwetu, Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekunja mikono mapajani. Baba alisimama mlangoni. Nyapara alipekua nguo, akamwaga unga, kisha akaninamia mimi.

"Wewe mtoto hudanganyi. Nani wa nyumba hii hapendi masanduku ya Bwana?"

"Ni mimi siyapendi," nilisema. "Na yeye siwezi kula naye." Nilimwonyesha Baba kwa kidole. "Alishika mavi ya watu kwa mikono kwa sababu Bwana alimwambia. Ananuka. Mimi naona kinyaa."

Nyapara alicheka sana, akawatafsiria askari, nao wakacheka. "Fundi, hata mtoto wako!" alisema. Wakatoka, wakaenda nyumba iliyofuata. Baba hakunigombeza. Aliokota unga uliomwagika, kidogo kidogo, akautenganisha na mchanga.

Kweli sikula naye. Mwaka mzima na zaidi. Alipomega nyama na kuniwekea kwenye sahani, nilimpa mdogo wangu. Aliponishika kichwa, nilienda kukiosha, na nilihakikisha anaona. Baadaye nilipelekwa shule ya bweni, nikawa mwalimu, nikaolewa. Tulisalimiana kwa heshima. Alipougua nilimlipia daktari, lakini waliomwosha na kumlisha walikuwa wengine. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu. Tulimzika nyumbani Bungoma, nami nililia kidogo tu, kwa adabu.

Miaka mitatu baada ya mazishi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Asubuhi moja mimi na Mama tulikuwa tumekaa uani tukipukuchua maharagwe. Yeye ndiye aliyeanza, bila kuniangalia.

"Yale masanduku ya shamba la miwati. Ni mimi niliyapaka."

Nilicheka nikidhani ananitania. Mama yangu, ambaye alikuwa akisugua vijiko kwa majivu mara mbili, na ambaye hakuvumilia hata mkojo wa debe uani kwake?

"Nilitoka alfajiri na giza, wakati watu wanaanza kwenda kukamua ng'ombe," aliendelea. "Nilichota chooni kwa mikono, maana sikutaka kuharibu kopo la mtu. Waliita jina la rafiki yangu kwa kile chombo alichokichangia akicheka. Nikaona lazima kishibe."

"Mama."

"Nikakiziba mdomo kwa kitambaa changu cha kichwa. Sikuwa na kitu kingine. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka kina jina langu, lile tulilodarizi kwenye darasa la akina mama kanisani. Nikakaa kwenye kigoda, nikangoja waje wanichukue."

Maharagwe yalikuwa yamenitoka mkononi. "Baba alijua?"

"Si ndiye aliyekitoa? Alikifua mwenyewe mtoni, akanirudishia kimekunjwa. Nikampigia magoti. Akaniambia ninyanyuke, ugali unaungua."

"Na mimi mbona hukuniambia? Uliniona. Uliniona vile nilivyomfanyia, mwaka mzima, Mama, miaka yote!"

Alipuliza maganda kwenye ungo.

"Nilitaka kukuambia jioni ile ile waliyokuja askari. Alinikataza. Alisema, 'Umeona uso wa huyu mtoto? Hakuna mtu mzima angeweza kuigiza hivyo. Uso wake ndio umewatoa hapa. Mwache anichukie.' Nikamuuliza ataacha lini. Akasema ataacha akikua." Mama aliweka ungo chini. "Halafu ukakua, akaniambia tungoje kidogo, labda utakuja mwenyewe."

Nilivuta ungo wake karibu na wangu, nikaanza kuokota mawe kwenye maharagwe, nikitupa mawe na maharagwe mazima pamoja, hadi Mama akaishika mikono yangu yote miwili, akaikandamiza pamoja na kuikalisha mapajani mwake.